Kipa akifungwa goli la kizembe, ukoo mzima unafungwa!

Wiki hii naomba mniwie radhi, tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, twende uwanjani. Najua akina dada mtaanza kuguna: "Na huyu naye, mpira unamhusu nini?" Unanihusu, tena sana tu. Ndani ya nyumba yangu hapa Ujiji yumo mtu anayevaa glovu, na kama nawe una kaka, mdogo wako au mchumba anayedaka, utanielewa kabla sijafika mbali.

Hebu fikiria mwenyewe. Straika anakosa mabao manne, anafunga la tano, watu wanambeba juujuu. Kipa anaokoa michomo kumi, unampita mmoja, na huo mmoja ndio anaorudi nao nyumbani. Anakwenda nao sokoni, anakwenda nao shuleni, analala nao. Na asidhani mtu kwamba analala nao peke yake, shangazi yake naye halali!

Shangazi mwenyewe ndiyo mimi. Kijana ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimekaa naye tangu ana miaka 9. Sasa ana 17, yuko kidato cha nne, mrefu kama mchikichi, na viganja vyake ukiviona utadhani kaazima kwa mtu mzima.

Na huku kwetu mpira si jambo la kupita. Watu wa mbali wakisikia Ujiji wanakumbuka Livingstone na Stanley walivyokutana hapa mwaka 1871. Ukituuliza wenyewe, kabla ya hao wazungu tutakutajia kina Manara, yaani Kitwana, Sunday na Kassim, ndugu watatu wa Kigoma waliofanya jina lao lijulikane nchi nzima. Sunday, yule waliyembatiza Computer, alicheza soka la kulipwa Uholanzi katika miaka ya 1970, wakati vijana wengi wa huku hata Dar es Salaam walikuwa wanaisikia redioni tu. Kwa hiyo mtoto wa huku akikwambia anataka mpira, humwambii anaota.

MBUZI ALIYETUPONZA

Basi bwana, mwaka jana timu ya mtaa wetu ikafika fainali ya kombe la mbuzi. Mbuzi mmoja, tena si mnene kihivyo, lakini siku ile ungedhani wanagombea Kombe la Dunia. Wauza migebuka walifunga meza mapema. Mimi mwenyewe nilifunga kibanda changu cha vitenge saa tisa alasiri nikamwachia Mungu biashara.

Dogo alidaka hadi watu wa timu nyingine wakawa wanapiga makofi. Ngoma sifuri kwa sifuri, jua linazama upande wa ziwani, watu wameshaanza kupanga nani atapiga penalti. Mara jamaa mmoja akaachia shuti la mbali, la kichovu, mpira unatambaa. Ukadunda kwenye kijilima cha udongo, ukampita katikati ya miguu. Tobo! Kipa mzima kufungwa tobo na mpira ambao hata bibi yangu angeufunika na kanga.

Mbuzi akaenda mtaa wa pili. Jioni ile harufu ya supu ilitufikia mpaka nyumbani, wallahi sisemi uongo.

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili wakamtungia jina, wakamwita Mlenda, eti mikono yake inateleza. Hayo ningevumilia. Siku ya tatu nikiwa sokoni akaja mama mmoja, ananunua kitenge huku ananiangalia kwa jicho la pembeni, akasema: "Shoga, na wewe umenunuliwa nini katika zile hela?" Hela gani? Kumbe mtaani zimezagaa habari kwamba mtoto amekula rushwa aachie goli. Mtoto ambaye daftari la hesabu anaandika mbele na nyuma kwa kubana matumizi!

Jumatatu hakwenda shule. Jumanne hakwenda. Jumatano usiku akaja akakaa mlangoni, miguu nje, kiwiliwili ndani.

"Shangazi, mimi mpira basi."

"Sawa. Na shule?"

"Na shule basi. Nimeongea na watu wa Katonga, nakwenda kwenye mitumbwi ya dagaa."

Bibi yake alikuwa anachambua mchele, akainua kichwa. "Alhamdulillah, uhuni umekwisha." Kisha akafikiri kidogo. "Na huko ziwani usiku utakwenda na nani, mjukuu wangu? Kuogelea kwenyewe unaogelea kama jiwe!"

Sikilizeni, mimi siwadharau wavuvi. Hiyo dagaa ndiyo iliyonilea. Lakini mtu anayekwenda ziwani kwa sababu anataka kuvua ni mmoja, na mtu anayekwenda kwa sababu usiku wa ziwani hakuna wa kumcheka ni mwingine. Wa pili huyo anakimbia, na akishazoea kukimbia, hata huko ziwani siku nyavu zikirudi tupu atatafuta pa kukimbilia tena.

HUYU SI WA HUKU HUKU?

Nilimtengea ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nikamwacha ale kwanza. Tumbo tupu halina masikio. Alipomaliza kunawa nikamuuliza:

"Juma Kaseja ni wa wapi?"

"Si wa huku huku Kigoma, shangazi."

"Na unajua ameachwa mara ngapi?"

Kimya. Vijana wa siku hizi wanazo kwenye simu video za penalti alizopangua. Yaliyotokea katikati ya penalti na penalti hawana, kwa sababu hakuna anayempiga picha mtu aliyekaa benchi. Nikamhesabia kwa vidole.

Mwaka 2003 Simba walikutana na Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, si watu wa mchezo. Dar es Salaam Simba wakashinda 1-0. Kule Cairo Wamisri wakalipa 1-0, ikabidi zipigwe penalti. Simba wakatoka na 3-2, mabingwa wakavuliwa taji nyumbani kwao, na aliyekuwa langoni ni Kaseja, kijana mbichi kabisa. Mimi nilikuwa binti, tumejazana barazani kwenye redio ya kaka, huyo huyo baba yake dogo. Kesho yake kila mtoto wa Ujiji aliyepata mifuko miwili ya plastiki aliivaa mikononi akajiita Kaseja.

Hapo ndipo hadithi nyingi zinapoishia. Ya kwake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Mwaka 2006 akaja kocha wa Taifa Stars kutoka Brazil, Marcio Maximo. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya Maximo, hadi 2010, Kaseja alikuwa nje ya timu ya taifa. Stars ikafuzu fainali za CHAN za mwaka 2009 kule Ivory Coast, yeye hayumo. Nchi nzima ilibishana kwenye vijiwe, kwenye daladala, kwenye magazeti, wengine wako na kocha, wengine wako na kipa. Na yeye? Alikuwa anadaka kwenye klabu. Msimu mmoja akavuka kwenda Yanga, 2009 akarudi Simba, anadaka tu.

Maximo akaondoka, akaja Jan Poulsen wa Denmark, akamrudisha. Desemba 2010 Kombe la Chalenji likachezwa Dar es Salaam. Nusu fainali na Uganda ikaenda kwenye penalti, Stars wakashinda 5-4 Kaseja akiwa langoni. Fainali wakaifunga Ivory Coast 1-0, kombe likabaki nyumbani. Mtu aliyekaa nje miaka yote ile!

Kidole cha tatu. Mei 6, 2012 Simba waliifunga Yanga 5-0. Mmoja wa waliofunga kwa penalti siku hiyo alikuwa kipa na nahodha, Kaseja mwenyewe. Ukiwa umefika hapo unadhani umemaliza dunia. Mwaka uliofuata Simba hawakumwongezea mkataba.

Novemba 2013 Yanga wakamchukua. Desemba 21 ikapigwa ile mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba wakashinda 3-1, Kaseja akiwa langoni mwa Yanga, na lawama karibu zote zikamwangukia yeye. Baada ya hapo hakuwa na nafasi tena, ukaja na mvutano wa mkataba, akapotea uwanjani. Watu wakasema kwisha habari yake. Hapa Kigoma kwenyewe nilisikia wazee waliowahi kumwita mwanetu wakiuliza, "Kwani huyo ni wa huku kweli?"

Nikamwambia dogo, wewe umeimbwa na mtaa mmoja kwa ajili ya mbuzi. Mwenzio aliimbwa na Simba na Yanga, yaani nchi nzima kasoro watoto wachanga.

"Sasa alifanyaje, shangazi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

ALIKWENDA MBEYA

Alikwenda Mbeya City. Baadaye Kagera Sugar, huko Bukoba. Baadaye KMC ya Kinondoni. Timu za heshima, sikatai, lakini kwa mtu aliyeshika unahodha wa Simba hizo ni ngazi za kushuka. Posho si ile, mashabiki si wale, safari ni za basi kutoka alfajiri hadi usiku. Ukipita na begi lako la glovu hakuna anayekukimbilia. Na yeye akazishuka, moja baada ya nyingine, akiwa na miaka thelathini na kitu.

Halafu sikiliza 2019 ilivyokuwa. Stars ilikuwa chini ya Etienne Ndayiragije, Mrundi, naye akamwita mzee wa KMC. Agosti, Nairobi, Tanzania na Kenya kutafuta tiketi ya CHAN, mpaka penalti: Tanzania 4, Kenya 1. Septemba 8, Dar es Salaam, Tanzania na Burundi kutafuta nafasi katika safari ya Kombe la Dunia. Kule Bujumbura ilikuwa 1-1, huku nako 1-1, matuta tena. Burundi hawakupata hata moja. 3-0!

Nyie wa Dar hamwezi kujua usiku ule ulivyokuwa kwetu. Hapa Ujiji nusu ya watu wana shemeji, mjomba au mdeni Bujumbura. Jirani yangu ameoa huko, alishangilia kwa kujifunika mto mdomoni mkewe asisikie. Na wale wazee wa "kwani ni wa huku kweli" niliwaona asubuhi wakimweleza mgeni mmoja kwamba mtoto yule wamemlea kwa mikono yao. Binadamu!

Sasa piga hesabu. Kutoka Zamalek 2003 hadi Burundi 2019 ni miaka 16. Ukitaka kujua kilichomfikisha, usiangalie 2003 wala 2012, maana siku za kubebwa kila mtu anaziweza. Angalia ile asubuhi aliyopanda gari kwenda Mbeya. Angekataa kwenda kwa kuwa yeye ni Kaseja bwana, 2019 Ndayiragije angemwita kutoka wapi? Kutoka kijiweni?

KAZI YA KUSIMAMA PEKE YAKO

Dogo ni mbishi kama baba yake. Akasema, "Huyo alikuwa na kipaji, shangazi." Nikamwambia lete simu yako. Humo humo kwenye simu aliwahi kunionyesha vijana wa Uganda wanaocheza besiboli, mchezo wa Wamarekani. Mwaka 2022 wawili wao, Umar Male na Ben Serunkuma, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers kwa ajili ya kurusha mpira tu. Kurusha! Na huku watoto wetu wanaangua maembe bure.

Ukiutazama vizuri, mrushaji wa besiboli ni ndugu wa kipa. Anasimama peke yake kwenye kijilima cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mwenye gongo, na mpira unafika chini ya nusu sekunde. Kipa wa penalti yuko mita 11, nao unafika chini ya nusu sekunde, na nyuma yake kuna uwazi wa mita 7.32. Wote wawili macho ya uwanja mzima yako kwao, na wakikosea hakuna wa kujificha nyuma yake.

Dodgers hao hao walikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto, Tommy John. Mwaka 1974 kano ya kiwiko ikakatika. Enzi hizo ukikatika hapo umekwisha, nenda kalime. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia akampandikiza wa kushoto, jambo ambalo halijawahi kufanyiwa mrushaji. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alikuwa anajifunza upya kurusha, mtu mzima na umaarufu wake wote. Alirudi 1976 akacheza hadi 1989. Katika michezo 288 aliyohesabiwa ushindi maishani mwake, 164 ilikuja baada ya kile kisu. Zaidi ya nusu, jamani! Leo hii wachezaji wakifanyiwa upasuaji huo wanauita kwa jina lake.

Dogo akasema, "Mmh." Kwa kijana wa miaka 16 hiyo ni hotuba.

NA NYIE MLIOKO MJINI

Msidhani nasema na makipa peke yao. Wangapi nawajua, tena wengine ni wasomaji wa ukurasa huu, walikuwa na kazi nzuri Dar es Salaam, viyoyozi, kadi shingoni, halafu ofisi ikapunguza watu. Miaka miwili sasa wanazunguka na suruali ya kazini iliyopauka. Ukimwambia kuna kazi ya stoo Kahama, anakuuliza kama unamjua yeye ni nani. Ukimwambia auze chakula, anasema watu watamwonaje. Watakuona unauza chakula, basi! Wengine watanunua.

Wapo pia wadada. Ndoa imevunjika, anaona aibu kurudi kupanga chumba kimoja na kununua sufuria moja, anang'ang'ania nyumba ya kodi asiyoimudu ili mtaa usijue. Mtaa unajua, mpenzi. Mtaa ulijua kabla yako.

Sisemi kila anayeshuka atapanda tena. Wapo walioshuka wakabaki huko huko chini, na wanakula na kulala kama watu. Ninachosema ni kwamba anayekubali kushuka bado yuko kazini, mikono yake inafanya kazi kila siku, na bahati ikipita inamkuta amevaa glovu.

TULIKOFIKIA

Shule alirudi wiki iliyofuata. Sikumwambia kelele zitakwisha, maana sijui zinaisha lini, na mpaka leo wapo wanaomwita Mlenda. Kwenye timu ya mtaa walishaweka kipa mwingine. Akaenda timu ya mtaa wa pili, ndiyo, wale wale waliokula mbuzi wetu, na huko wakamweka kipa wa tatu. Kipa wa tatu anaokota mipira na kujaza maji kwenye madumu. Jioni ya kwanza alirudi na vumbi hadi kope, hakusema kitu, akafua glovu akazianika kwenye kamba karibu na kanga za bibi yake.

Sasa hivi ni kipa wa pili. Mechi amecheza tatu tu. Tangu Mashujaa ya hapa Kigoma ipande Ligi Kuu mwaka 2023, vijana wote wanaona njia iko karibu, uwanja wa Lake Tanganyika pale pale, na dogo naye macho yake yako huko. Mara anataka nauli ya kwenda kujaribu Dar. Nimemwambia treni ya Kigoma ipo tangu enzi za Mjerumani, haitaondoka kesho isirudi, amalize kwanza kidato cha nne. Hapo bado tunavutana, na bibi yake safari hii yuko upande wangu, ingawa juzi nilimfuma anamuuliza mjukuu wake glovu mpya zinauzwa shilingi ngapi.

Kaseja naye alitundika glovu akaingia kwenye ukocha, akawa kocha wa makipa wa Taifa Stars hiyo hiyo iliyowahi kumweka nje. Ningependa siku moja amfundishe dogo jambo moja tu: namna ya kufunga miguu!

Haya wapenzi, nimesema ya moyoni. Wewe mwenye kazi ndogo uliyoikataa, kaifikirie tena kabla Jumatatu haijafika. Nanyi wapiga kelele wa nyuma ya goli, kabla hujamwambia mtoto wa mtu amekula hela, kumbuka kesho utakuja kununua kitenge kwa shangazi yake, na bei naijua mimi. Tukijaaliwa, wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi.